Namna ya Kuandaa Semina ya Hisabati Ambayo Mtaalamu wa Mbu Ataielewa

Swali la kwanza nililoulizwa kwenye semina yangu ya kwanza ya uzamivu halikutoka kwa mwanahisabati. Liliulizwa na mama mmoja mtaalamu wa wadudu, aliyeingia ukumbini kwa sababu tangazo mlangoni lilikuwa na neno malaria. Alisubiri hadi mwisho, akanyoosha mkono: "Mwanangu, hao mbu wako wanaishi siku ngapi?"

Nilikuwa nimepitia slaidi 46 na theoremu tatu. Herufi ya Kigiriki ya vifo vya mbu ilikuwepo karibu kwenye kila slaidi, lakini sikuwa nimewahi kujiuliza ina thamani gani kwa mbu halisi wa bonde la Kilombero, Tanzania. Nilimwambia nitaangalia. Akashukuru kwa upole, akakusanya karatasi zake, akaenda. Nimekuwa nikiandaa semina zangu kwa ajili ya yule mama tangu siku hiyo.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uzamili au uzamivu, na wa mhadhiri kijana, anayetakiwa kusimama mbele ya idara na kueleza utafiti wa hisabati unaogusa sayansi nyingine: magonjwa, maji, hali ya hewa, uvuvi. Nitashika mfano mmoja mwanzo hadi mwisho, yaani modeli ya malaria ya Ross na Macdonald, milinganyo inayoeleza jinsi ugonjwa huo unavyoenea kati ya watu na mbu. Ina zaidi ya miaka mia moja, imesifiwa, imeangushwa, imeinuliwa tena, na katika ukumbi wowote wa Afrika Mashariki ni vigumu kumpata mtu ambaye hajaugua malaria au hajamuuguza mwenzake.

1. Tafuta swali la mwenye tatizo

Kabla ya kufungua kompyuta, andika sentensi moja inayomalizika kwa alama ya kuuliza, na ndani yake pasiwe na neno lolote la hisabati. Ukishindwa, bado hujawa tayari kuzungumza na watu wa fani nyingine, hata kama ithibati zako zote ni sahihi.

Tazama alivyofanya Ronald Ross. Alikuwa daktari wa Uingereza aliyefanya kazi India, na tarehe 20 Agosti 1897, mjini Secunderabad, aliona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Mwaka 1902 alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Lakini ugunduzi huo ulizaa ubishi mpya: kama mbu ndio wanaobeba malaria, si itabidi kuua kila mbu duniani? Nani ataweza? Hapo ndipo daktari huyu alipokimbilia hisabati. Katika kitabu chake cha 1911 alionyesha kwa milinganyo kwamba hakuna haja ya kummaliza mbu wa mwisho. Ipo idadi ambayo mbu wakishuka chini yake, malaria haiwezi tena kujitegemeza, nayo itapungua hadi iishe yenyewe.

Swali la Ross lilikuwa: "Je, ni lazima tuue mbu wote?" Mganga wa zahanati analielewa. Diwani analielewa. Hilo ndilo la kuweka kwenye slaidi ya kwanza, kabla ya jina la chuo na kabla ya orodha ya yaliyomo. Na orodha ya yaliyomo, kwa maoni yangu, itoe kabisa. Hakuna aliyekuja kusikiliza kwamba sehemu ya pili itafuata sehemu ya kwanza.

2. Jua ni nani watakaokaa mbele yako

Muulize mratibu wa semina mambo matatu: dakika ngapi, tangazo limetumwa idara zipi, na ukumbi una ubao au projekta tu. Semina ya idara mara nyingi hupewa saa moja pamoja na maswali. Kwenye kongamano unaweza kupata dakika 20, na mwenyekiti wa kikao atakukata bila huruma. Mazungumzo ya dakika 20 hayapatikani kwa kuongea haraka yale ya dakika 50. Ni mazungumzo mengine, yenye hoja moja badala ya tatu.

Kama tangazo limefika kitivo cha tiba au taasisi ya utafiti wa afya, chukulia kwamba nusu ya ukumbi haijagusa kalkulasi tangu kidato cha sita. Watu hawa wana akili nyingi na wanajua mambo usiyoyajua. Heshima kwao ni kueleza kila herufi kwa jina la kitu inachokisimamia.

3. Andika ikisiri inayomvuta mtu wa nje

Ikisiri ndiyo inayobandikwa mlangoni, na watu huamua kuja au kutokuja kwa kuisoma wakiwa wamesimama. Hii hapa ni ikisiri ya aina niliyokuwa nikiandika zamani:

"Tunachunguza mfumo wa milinganyo tofautishi isiyo mstari unaowakilisha maambukizi ya malaria. Tunathibitisha uwepo na upekee wa suluhisho chanya, na tunaonyesha uthabiti wa nukta za msawazo kwa kutumia fanksheni za Lyapunov. Matokeo ya kinambari yanatolewa."

Hakuna kosa ndani yake, na hakuna sababu ya mtaalamu wa wadudu kupanda ngazi hadi ghorofa ya tatu. Hii nyingine inasema kazi ileile:

"Ukiwa na fedha kidogo za kupambana na malaria, uzitumie kupunguza idadi ya mbu au kufupisha maisha yao? Tutaangalia modeli iliyoanzishwa na Ross na kuendelezwa na Macdonald, tutakokotoa pamoja mfano mmoja kwa namba, kisha tutaona ni lini jibu linalotoka linaweza kutupotosha. Anayejua kuzidisha na kugawanya ataweza kufuatilia robo tatu ya mazungumzo. Ithibati moja itatolewa kwa mchoro."

Sentensi ya mwisho kabla ya ile ya ithibati ndiyo muhimu kuliko zote. Mwambie mtu anachohitaji kujua kabla ya kuja, na umwambie ukweli.

4. Chagua hesabu moja ambayo watu watatoka nayo

Hapa ndipo ningependa uweke nguvu zako nyingi. Kati ya yote uliyofanya kwa miaka mitatu, chagua hesabu moja fupi ambayo msikilizaji anaweza kuirudia kwenye simu yake akiwa kwenye daladala. Matokeo mengine yote yatakuwa yanaielekea au yanatokana nayo.

Kwa mfano wetu, fomula ni hii:

R₀ = m · a² · b · c · pⁿ ÷ [ r · (−ln p) ]

Ukiiweka hivi ukutani na kusema "kama mnavyoona", umeshawapoteza. Ipitie herufi kwa herufi, ukielekeza kwa kidole. R₀ ni idadi ya watu wapya watakaoambukizwa kutokana na mgonjwa mmoja, kupitia mbu, katika jamii ambayo bado haina ugonjwa. Ikizidi 1 malaria inaenea, ikiwa chini ya 1 inafifia. Herufi m ni idadi ya mbu jike kwa kila mtu mmoja. Herufi a ni mara ngapi mbu mmoja humuuma binadamu kwa siku. Herufi b na c ni uwezekano kwamba mng'ato utapitisha vimelea, kutoka kwa mbu kwenda kwa mtu na kutoka kwa mtu kwenda kwa mbu. Herufi r ni kasi ya watu kupona. Zimebaki mbili: p ni uwezekano wa mbu kuiona kesho akiwa hai (alama ln iliyo mbele yake ni logi asilia), na n ni siku ambazo vimelea vinahitaji kukomaa ndani ya mbu kabla hajaweza kumwambukiza mtu. Kwenye joto la pwani yetu n ni kama siku 10 hivi, na penye baridi hurefuka.

Simama kwenye a². Uliza ukumbi: kwa nini mara mbili? Nyamaza sekunde kumi. Mara nyingi atakayejibu ni mtu wa biolojia: kwa sababu mbu lazima aume mara mbili, mara ya kwanza kuvichukua vimelea na mara ya pili kuvipeleka. Kipeo cha pili kimetoka kwenye maisha ya mdudu. Ukifika hapo, wanahisabati na wanabiolojia wamo kwenye chumba kimoja kwa mara ya kwanza jioni hiyo, na utaliona hilo kwenye nyuso zao.

Sasa fanya hesabu, polepole, ubaoni.

Ukipunguza mbu nusu, m inagawanywa kwa 2, na R₀ inagawanywa kwa 2. Basi. Ukipunguza kuumwa nusu, a² inakupa robo.

Halafu gusa p. Chukua mbu ambao 90 kati ya kila 100 huiona kesho, yaani p = 0.9. Watakaoishi siku 10 ni 0.9 kwa kipeo cha 10, karibu 35 kati ya 100. Wastani wa maisha yao, 1 ÷ (−ln 0.9), ni kama siku 9.5. Zidisha 0.349 kwa 9.49, unapata 3.31. Hicho ndicho kipande cha fomula kinachotegemea p.

Punguza p iwe 0.8. Waliofikisha siku 10 sasa ni 0.107, yaani 11 tu kati ya 100, na wastani wa maisha umeshuka hadi siku 4.5. Zidisha 0.107 kwa 4.48, unapata 0.48.

Gawanya 3.31 kwa 0.48. Karibu 7.

Kuwaua mbu wawili kati ya kila kumi kwa siku badala ya mmoja kumepunguza R₀ mara saba, na hatujagusa mazalia hata moja. Hata kushuka kutoka 0.9 hadi 0.85 tu kunaigawanya R₀ kwa 2.7, zaidi ya faida ya kuondoa nusu ya mbu wote. Herufi zote nyingine zimejifuta zenyewe kwenye mgawanyo, kwa hiyo hukuhitaji kubishana na mtu yeyote juu ya thamani ya b, c au r.

Ndiyo maana George Macdonald, mtaalamu wa malaria wa Uingereza, katika miaka ya 1950, alisisitiza sana umri wa mbu. Mbu wanaoeneza malaria, wakishashiba damu, wengi hutua ukutani kupumzika. Ukutani pakiwa na dawa ukoko, yaani dawa ya kuua wadudu inayobaki ukutani kwa muda mrefu, kila mlo mmoja unaongeza hatari ya kifo. Mbu hahitaji kufa leo, inatosha afe kabla ya siku ya kumi. Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mpango wa kutokomeza malaria mwaka 1955 kwa kupulizia DDT majumbani, hoja hii ilikuwa miongoni mwa nguzo zake.

Usimalize sehemu hii bila kuwatendea haki wanaofukia madimbwi na kunyunyizia dawa za viluwiluwi. Fomula haisemi kazi yao haina maana. Inasema tu kwamba faida yake inakwenda kwa uwiano wa moja kwa moja, kwa hiyo inafaa pale mazalia yalipo machache, yasiyohamahama, na rahisi kuyapata.

5. Onyesha modeli ilikotoka, kisha ithibati moja tu

Baada ya hesabu, watu watataka kujua fomula imezaliwaje, na sasa wana hamu ya kuvumilia milinganyo. Andika miwili ya Ross, bila ucheleweshaji wa siku n:

dx/dt = m·a·b·y·(1 − x) − r·x

dy/dt = a·c·x·(1 − y) − μ·y

Isome kwa Kiswahili cha kawaida. x ni sehemu ya watu wenye vimelea, y ni sehemu ya mbu wenye vimelea, μ ni kasi ya vifo vya mbu, ambayo ni sawa na −ln p. Mlinganyo wa kwanza unasema: watu wapya wanaugua pale mbu wenye vimelea wanapowakuta walio wazima, na wengine wanapona. Wa pili unasema habari hiyohiyo upande wa mbu, ila mbu haponi, anakufa.

Tuje kwenye ithibati. Mimi nilikuwa natumia slaidi kumi na mbili za fanksheni ya Lyapunov. Siku hizi natumia mchoro mmoja. Chora mhimili wa x kutoka 0 hadi 1, na wa y vilevile. Weka dx/dt = 0: unapata mkunjo y = r·x ÷ [m·a·b·(1 − x)], unaoanzia kwenye sifuri na kupanda kwa kasi inayoongezeka. Weka dy/dt = 0: unapata y = a·c·x ÷ (a·c·x + μ), nao unaanzia kwenye sifuri lakini unapinda kuelekea chini kama upinde wa daraja. Mikunjo miwili iliyoanza pamoja, mmoja ukipindia juu na mwingine ukipindia chini: itakutana tena ikiwa tu ule wa pili umeanza na mteremko mkali zaidi. Miteremko yake kwenye sifuri ni r ÷ (m·a·b) na a·c ÷ μ. Sharti la kukutana tena ni a·c ÷ μ kuzidi r ÷ (m·a·b). Panga upya: m·a²·b·c ÷ (r·μ) > 1. Hiyo ndiyo R₀ ya Ross. Macdonald aliongeza pⁿ kwa ajili ya mbu wanaokufa kabla vimelea havijakomaa.

Mchoro huo unachukua dakika tano kwa chaki. Mwanahisabati anaona kizingiti kimetoka wapi, mganga anaona kwamba ugonjwa wa kudumu ni mahali mikunjo inapokutana. Uthabiti wa nukta hiyo utamke kwa sentensi moja, na ithibati kamili ibaki kwenye slaidi za akiba baada ya slaidi ya shukrani. Ukiulizwa unayo. Usipoulizwa hujamla mtu muda wake.

Kumbuka kuziweka herufi safi. Kwenye modeli za magonjwa, R hutumika kwa waliopona, na R₀ kwa idadi ya wanaoambukizwa kutokana na mgonjwa mmoja, na r kwa kasi ya kupona. Wewe umezoea, msikilizaji atapotea. Badilisha moja kabla ya semina.

6. Sema mapema mahali modeli inapovunjika

Usisubiri uulizwe. Tenga dakika nane au kumi, na uziite kwa jina lake: mahali ambapo modeli hii inakosea.

Mfano mzuri kuliko wote ninaoujua ni mradi wa Garki, kaskazini mwa Nigeria, uliotekelezwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na serikali ya Nigeria kuanzia 1969 hadi 1976. Walipulizia dawa ya propoxur majumbani, na katika baadhi ya vijiji wakawapa watu dawa za malaria kwa pamoja. Maambukizi yalipungua sana, lakini hayakukatika. R₀ ya mahali pale ilikuwa kubwa mno kiasi kwamba hata kuigawanya mara nyingi bado kuliiacha juu ya 1. Na baadhi ya mbu hawakuwa wakitua kwenye kuta zilizopulizwa. Modeli mpya iliyotengenezwa kutokana na data za Garki ilibidi iingize kinga ambayo watu huipata kwa kuugua mara kwa mara, jambo ambalo milinganyo miwili ya juu haina.

Kwetu pia modeli ina mapengo yanayojulikana. Inachukulia kila mtu anaumwa sawasawa, wakati nyumba iliyo kando ya mpunga haifanani na ile ya kilimani. Inachukulia mbu wa aina moja, wakati Anopheles arabiensis yuko tayari kumuuma ng'ombe, na kumuuma mtu akiwa nje ya nyumba, mahali ambapo chandarua hakimfikii. Ukiyasema haya wewe mwenyewe, mtaalamu wa wadudu aliyeko ukumbini anageuka kutoka mkaguzi kuwa mshirika.

Mtu wa afya atauliza jambo moja zaidi: imeonekana wapi kwa watu? Uwe na jibu. Majaribio ya vyandarua vyenye dawa yaliyofanyika Kilifi, Kenya, na kuchapishwa 1996, yalionyesha vifo vya watoto wa mwezi 1 hadi 59 kupungua kwa asilimia 33, na watoto kulazwa kwa malaria kali kupungua kwa asilimia 44. Kilombero na Ulanga, ambako vyandarua viliuzwa kwa jina la Zuia Mbu, matokeo yaliyochapishwa 2001 yalionyesha uwezekano wa watoto wadogo kuishi ukiongezeka kwa asilimia 27. Chandarua chenye dawa kinapunguza a, kwa sababu mbu hamfikii aliyelala, na kinapunguza p, kwa sababu anayetua anakufa. Lakini kuwa mwaminifu: matokeo hayo hayathibitishi fomula. Yanaafikiana na mwelekeo wake.

7. Ubao, slaidi na umeme

Kwa hisabati napendelea chaki. Mkono unakulazimisha kwenda kwa kasi ya mtu anayefikiri. Slaidi ziwe kwa picha, ramani, grafu na majedwali. Ukitumia LaTeX, programu ya kuandikia hisabati, zuia tabia ya kufunua mstari mmojammoja, inachosha macho. Herufi ziwe kubwa kiasi cha kusomeka na aliyekaa nyuma kabisa, na majina kwenye mihimili ya grafu yawe kamili, "siku tangu kuanza kupulizia" badala ya t.

Slaidi zihifadhi kwa PDF, kwenye flashi na kwenye barua pepe yako. Fika nusu saa kabla ujaribu projekta. Na jiandae kwa umeme kukatika: andaa karatasi moja ya A4 yenye mambo unayoweza kuyaandika ubaoni, kwa mpangilio, kutoka swali hadi hesabu. Mimi nimewahi kutoa semina nzima kwa karatasi hiyo, madirisha yakiwa wazi, na ilikuwa miongoni mwa zilizoeleweka vizuri zaidi.

8. Lugha

Semina nyingi za vyuo vyetu huendeshwa kwa Kiingereza, na ukienda Lubumbashi au Bujumbura slaidi zitakuwa za Kifaransa. Hilo halikuzuii kuandaa maneno yako ya Kiswahili. Neno kizingiti linafanya kazi ambayo maelezo marefu hayaifanyi, kwa kuwa kila mtu ameshavuka kizingiti cha mlango. Msawazo, mteremko, wastani, uwezekano, uwiano: yote tunayo. Hata kama utazungumza kwa lugha nyingine, jaribu kwanza kueleza kila theoremu kwa Kiswahili kwa sauti. Pale utakapokwama ndipo penye jambo ambalo hujalielewa mwenyewe.

9. Mazoezi

Fanya mara mbili. Mara ya kwanza peke yako, kwa saa, ukiwa umesimama. Mara ya pili mbele ya mtu asiye wa idara yako: nesi, mwalimu wa biolojia, rafiki wa kilimo. Usimuulize kama ameelewa, atakuambia ndiyo ili asikuvunje moyo. Mwombe akueleze wewe kwa nini kufupisha maisha ya mbu kuna nguvu kuliko kupunguza idadi yao. Atakaposita, andika mahali alipositia, na urekebishe hapohapo.

Kata. Ukiona unahitaji dakika 50 na umepewa 50, umezidisha. Lenga 40.

10. Wakati wa maswali

Rudia swali kwa sauti kabla ya kujibu, ili walio nyuma wasikie na wewe upate muda. Profesa mzee akianza na hotuba ndefu, msikilize hadi mwisho, mshukuru, "Ahsante sana Profesa," kisha jibu ile sehemu yenye swali. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza naye jibu lake liwe na uzito uleule.

Usilolijua, sema hulijui, na useme ungelitafuta vipi: "Hilo sijalipima. Ningehitaji kujua mbu wangapi kati ya waliokamatwa wameshataga mayai, maana kwa kupasua mfuko wa mayai inawezekana kutambua aliyekwisha kutaga, na kutoka hapo kukadiria p." Jibu la namna hiyo linamfanya mwenye data ajitokeze. Usibuni namba. Ukumbini kuna mtu aliyekesha usiku mzima akikamata hao mbu kwa mkono, na atajua.

11. Usiku huohuo na wiki inayofuata

Kabla hujalala, andika kila swali uliloulizwa na aliyeuliza. Mawili au matatu kati yake yatakuwa utafiti wako unaofuata. Aliyekaa baada ya semina kuzungumza nawe, mwandikie ndani ya siku mbili, umtumie hesabu ya p = 0.9 na 0.8 kwenye ukurasa mmoja, na umuulize namba zake halisi za huko anakofanyia kazi ni ngapi. Ukitaka kutumia data zake, zungumzeni mapema juu ya kibali cha maadili na juu ya jina lake kuwemo kwenye andiko, kabla kazi haijaanza.

Yule mama mtaalamu wa wadudu nilimwandikia baada ya wiki tatu, nikiwa na jibu: ukichukua p ya 0.9, wastani ni siku tisa na nusu. Alinijibu siku hiyohiyo kwamba mbu wake hawafiki huko msimu wa kiangazi, akaniambatanishia jedwali la miezi kumi na miwili.